Halibati: Mchezo wa Nani, Chakula cha Nani?

Hotuba hii ilitolewa Anchorage, Alaska, kwenye mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili wa mji huu, kabla ya safari za kuvua kuanza. Tumeiandika nzima kwa ajili ya walioshikwa na kazi siku ile. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni. Asalaam aleikum! Bwana asifiwe! Hamjambo?

Nimeambiwa nizungumze habari za samaki. Lakini sote humu tunajua kwamba sikuitwa kwa sababu ya samaki. Nimeitwa kwa sababu ya maneno. Kiangazi kilichopita, kule Homer, mji wa bandari tunakokwenda kuvua, kwenye meza za kukatia minofu, ndugu zetu wawili walifikia hatua ya kutosalimiana. Mmoja alikuwa amepandisha halibati mkubwa, akimning'iniza anamfika kifuani. Akaomba apigwe picha. Mwenzake akamwambia, "Huyo ulikuwa umwache arudi." Akajibiwa, "Nimwache kwa nini? Leseni nimelipia, boti nimelipia, na nyumbani nina watoto wa kulisha." Kabla hayajapoa, wa tatu akatia lake: "Mbona wenyeji wanatega ndoano 30, sisi tunahesabiwa samaki wawili wawili?"

Toka siku ile maneno hayo yamezunguka kwenye simu zetu, misibani, harusini, hata baada ya ibada. Mimi ni binti wa mvuvi. Baba yangu alivua Pangani, kwa mshipi na kwa jarife. Na hapa Alaska nimesimama muda mrefu kwenye viwanda vya samaki, kisu mkononi, maji ya barafu yakipita kwenye buti. Kwa hiyo leo nitasema ninachokiamini bila kukizungushazungusha, na asiyekubaliana nami atapewa nafasi.

Ninachoamini ni hiki: mlo unatangulia mchezo. Panapokuwa na samaki wachache na watu wengi, anayevua ili ale asimame mbele ya anayevua ili afurahi. Hapo naona wengi mnatikisa kichwa kukubali. Ngojeni kwanza. Swali gumu ni hili: sisi tuliomo humu tuko upande gani?

Tumjue samaki mwenyewe kwanza. Watu wa pwani mnamjua gayogayo, yule bapa anayelala mchangani, macho yote mawili upande mmoja. Halibati wa Pasifiki ni wa ukoo huo, ila amejaliwa mwili usio wa kawaida. Anaweza kupita kilo 200. Rekodi ya Alaska kwa uvuvi wa fimbo na mshipi ni ya mwaka 1996, Jack Tragis alipomtoa baharini, huko Unalaska, halibati wa pauni 459, yaani kilo 208. Anaishi miaka mingi. Wamepatikana wenye miaka 55. Yupo halibati aliye baharini leo ambaye alizaliwa kabla ya nusu ya watu waliomo ukumbini humu.

Na sikilizeni hili, maana ndilo kiini cha ugomvi wetu. Wale wakubwa sana, karibu wote ni majike. Dume hachukui mwili wa namna hiyo. Jike hukaa miaka kama 12 ndipo aanze kutaga, na kadiri anavyokua ndivyo mayai yanavyozidi. Wa kilo 23 hutaga mayai kama nusu milioni. Wa kilo 113 anaweza kufikisha milioni 4. Hushuka wakati wa baridi kwenye kina kirefu, akataga huko gizani, kisha akarudi juu kula. Kwa hiyo kila picha ya halibati mkubwa mliyoiona ukutani kule Homer ni picha ya mama.

Sasa turudi kwa yule ndugu wa tatu, aliyeuliza kwa nini wenyeji wana ndoano 30. Swali lake ni halali, na asionewe kwa kuuliza. Lakini lina jibu.

Sheria za hapa zimegawa uvuvi wa halibati mafungu matatu. Kuna uvuvi wa biashara. Kuna uvuvi wa michezo, na humo ndimo tulimo sisi wenye leseni ya fimbo, hata kama hatuchezi. Na kuna uvuvi wa kujikimu. Huo wa kujikimu ulikuwepo maelfu ya miaka, lakini kanuni za serikali kuu zilizoutambua rasmi kwa halibati zilianza mwaka 2003 tu. Wanaoruhusiwa ni wa aina mbili: wakazi wa vijiji ambavyo kula halibati ni desturi yao ya asili, na watu wa makabila ya Alaska yenye desturi hiyo. Wanajiandikisha, wanapewa kadi, na sehemu nyingi wanaweza kutumia ndoano hadi 30 na kuchukua samaki hadi 20 kwa siku. Hawaruhusiwi kumuuza. Wanaruhusiwa kumgawa, na kwa kweli ndivyo wanavyofanya: anavua mmoja, wanakula wengi.

Sisi wa Anchorage hatumo. Maji yanayozunguka miji mikubwa kama Anchorage, Juneau, Ketchikan na Valdez hayaruhusiwi uvuvi huo, na mkazi wa mjini kama mimi, asiye wa kabila lenye haki hiyo, hapewi kadi. Ndugu anauliza: je, huo si ubaguzi? Mimi nina njaa kama yeye, na watoto wangu wanakula kama wa kwake.

Nitawajibu kwa kisa cha bibi mmoja, mzee wa kabila la Ahtna, aliyeitwa Katie John. Alizaliwa mwaka 1915. Kwao ni Batzulnetas, mahali ambapo kijito cha Tanada kinaingia Mto Copper, na watu wake walivua samoni hapo vizazi na vizazi. Watu wakahamia Mentasta ili watoto wapate shule, lakini msimu ukifika walirudi mtoni kwao. Mwaka 1964 jimbo likapafunga mahali pale, wasivue. Mama huyu alisubiri. Mwaka 1984 yeye na mzee mwenzake, Doris Charles, wakaenda kuomba ruhusa wavue tena kwao. Wakanyimwa. Na wakati huo huo, chini ya mto uleule na baharini unakomwagikia, wavuvi wa biashara na wa michezo walikuwa wanachukua samoni kwa maelfu mengi!

Hebu lipimeni jambo hilo. Samaki wale wale. Mto ule ule. Mwenye biashara amepita, mwenye kucheza amepita, na bibi ambaye mifupa ya wazee wake iko ukingoni pale ndiye aliyeambiwa ajizuie kwa faida ya samaki. Kati ya wote hao, kwa nini yeye ndiye wa kwanza kuambiwa alale njaa?

Mwaka 1985 akafungua kesi. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikasema ana haki. Mwaka 2001 gavana wa wakati ule, Tony Knowles, alifunga safari hadi kwa yule bibi, akakaa naye kando ya mto, na baada ya hapo akakataa kupeleka rufaa Mahakama Kuu ya Marekani. Katie John alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 97.

Kisa hicho ni cha samoni na mto, si cha halibati na bahari. Sheria zake ni nyingine. Nimekileta kwa sababu kinaonyesha kwa nini zile ndoano 30 hazikuwa zawadi. Zilidaiwa. Kabila baada ya kabila lilivua kwa kujificha katika bahari yake lenyewe, kwa kuwa sheria ilimjua mfanyabiashara na mtalii, haikumjua mwenye nyumba. Sasa sisi, tuliotua juzi kwa ndege kutoka Nyarugusu, kutoka Kakuma, kutoka Dar es Salaam, kutoka Bukavu, tukawaulize hao kwa nini wanavua zaidi yetu? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ya tatu mkabidhi shamba.

Tena, wanachochukua si kingi. Mwaka ule wa kwanza wa kadi, 2003, wavuvi wote wa kujikimu wa Alaska nzima walichukua takriban pauni milioni moja za halibati. Ukilinganisha na wanaochukuliwa na wafanyabiashara na wenye fimbo, ni sehemu ndogo sana. Anayedhani halibati wanakwisha kwa ndoano za mabibi wa vijijini anatafuta mchawi nyumba isiyo yake.

Lakini sikuja kuwasifu wengine na kutusahau sisi. Hali yetu ni ya peke yake, na sheria haina jina zuri la kuiita. Tunavua kwa leseni ya michezo, lakini nani humu anakwenda Homer kucheza? Ni mwendo wa saa nne, tano, mafuta ya gari, boti, chambo, usingizi kwenye viti. Tunakwenda kwa sababu friza ikijaa Agosti, Januari ina nafuu. Kwa samoni jimbo liliona watu kama sisi, likaweka fungu la matumizi ya nyumbani: mkazi wa Alaska anateremka mto Kenai mwezi Julai na wavu wa mpini mrefu, mkuu wa kaya anachukua samoni 25, na kila mtu wa nyumba yake anaongezewa 10. Wengi humu mmeonja baraka hiyo. Kwa halibati fungu hilo halipo. Kuna fimbo moja, na ukivua mwenyewe bila nahodha wa kukodi, samaki wawili kwa siku.

Je, wawili hawatoshi? Halibati wawili wa kilo kumi kumi, minofu yake ni chakula cha familia kwa wiki kadhaa. Anayesema hawatoshi nadhani amekwisha kuacha kufikiria sufuria, anafikiria picha.

Na hapo ndipo tunafika kwenye mchezo wenyewe.

Nimewahi kukaa na nahodha mmoja wa boti za watalii, mtu mwema, mcha Mungu, ambaye anawapeleka wageni kuvua. Aliniambia maneno ambayo lazima niyafikishe kwa haki. Alisema: hawa wageni wangu ndio wanaolipa hoteli, mkahawa, duka la mafuta na mshahara wa vijana wangu wawili. Mwaka hadi mwaka kanuni zinanibana mimi. Na ni kweli. Kusini Mashariki mwa Alaska, mteja wa boti ya kukodi anabaki na samaki mmoja tu kwa siku tangu mwaka 2009, na baadaye ikaongezwa sharti la urefu: awe mdogo kuliko kipimo fulani au mkubwa kuliko kipimo kingine, wa katikati arudi majini. Upande wetu wa huku bado anaruhusiwa wawili, lakini mmoja wao lazima awe mdogo, na kuna siku za wiki zimefungwa. Tangu mwaka 2014 kuna mpango wa kugawana kati ya boti za biashara na boti za watalii, samaki wakipungua wote wanapungukiwa. Nahodha yule hachezi. Anafanya kazi ngumu, na anaipenda bahari kuliko wengi wanaomsema. Nikisema mlo unatangulia mchezo, simtukani yeye.

Ila tazameni lile sharti la urefu linafanya nini. Mgeni ana samaki mmoja tu. Wa katikati haruhusiwi. Amelipa pesa nyingi, amekuja kutoka Texas. Atachagua nini? Atarudisha wadogo, mmoja baada ya mwingine, akimngojea yule mkubwa. Kwa hiyo kanuni iliyotungwa ili kupunguza uzito wa samaki wanaotolewa inamfanya mtu aote usiku na mchana kumpata mama. Na kwa miaka mingi Homer palikuwa na mashindano ya tiketi na zawadi ya pesa kwa halibati mzito kuliko wote wa msimu. Mji mzima ukihesabu kilo za mama mmoja! Hilo silipendi. Nimelisema huko kwao, nalisema na hapa.

"Basi dada, tumrudishe majini." Ndivyo wasemavyo wavuvi wengi wa michezo wenye kujali, na ndivyo alivyosema yule ndugu yetu wa pili. Mvute, mpige picha, mwachie aende. Kule kwetu Watamu na Malindi, boti za wageni wanafanya hivyo kwa sulisuli: wanamtia alama, wanamrudisha, na data yake inasaidia wataalamu. Ni jambo la maana. Lakini muulize mvuvi wa mtumbwi anayetazama kwa mbali anaona nini. Anaona mtu aliyeshiba akimchosha samaki kwa saa nzima, kisha anamtupa, ilhali yeye mwenye mtumbwi siku hiyo hajapata cha kupeleka nyumbani.

Watu wa Yup'ik, kule magharibi mwa Alaska, walishalisema hili kwa uchungu mkubwa. Miaka ya 1980, ndege ndogo zilianza kuteremsha wavuvi wa michezo kwenye mito yao, kama ule wa Kanektok. Wageni walikuwa wanavuta samaki na kuwarudisha, wanavuta na kuwarudisha, na walijiona watu wema kwa kuwa hawaui. Wazee wa Yup'ik wakashtuka. Kwao, samaki anajitoa kwa anayemhitaji. Ukimvuta ili umwachie unamfanyia mchezo, unamdharau, na samaki aliyedharauliwa harudi. Wataalamu waliona uhifadhi. Wazee waliona watu wanachezea chakula.

Niambieni nyinyi: nani kati yenu hakuchapwa utotoni kwa kuchezea ugali? Nani hakuambiwa aokote punje ya wali iliyoanguka mkekani? Hatuhitaji mkalimani hapo. Mzee wa Yup'ik na bibi yangu wa Pangani wangeelewana bila neno hata moja.

Basi tumekwama? Ukimchukua mama, umeondoa mayai milioni 4. Ukimrudisha baada ya kupigana naye nusu saa kwa ajili ya picha, umemchezea. Mimi sidhani tumekwama. Nadhani tunauliza swali tukiwa tumechelewa. Tunauliza samaki akiwa tayari yuko juu, ilhali uamuzi unapaswa kufanywa chubwi likiwa bado mkononi.

Wenye pwani hii walilijua hilo zamani. Watlingit na Wahaida walichonga ndoano ya halibati kwa mbao. Ina mikono miwili iliyofungwa kwa mzizi wa mspruce ikawa na umbo la herufi V. Mkono mmoja ni wa mti mwepesi unaoelea, mwingine wa mti mzito, ili ndoano isimame sawasawa juu ya mchanga. Meno yake yalikuwa ya mfupa, baadaye ya chuma. Na mkono mmoja umechongwa sura, ya mnyama au ya roho, inayomtazama samaki kule chini, maana mvuvi hakuwa anategea kitu. Alikuwa anamwita mtu mwenye heshima zake. Ukiiona makumbusho utasema ni sanaa. Ni sanaa kweli, lakini tazama nafasi iliyo kati ya ile mikono miwili. Samaki mdogo, mdomo wake hauwezi kuingia vizuri ukafika kwenye jino. Samaki mkubwa mno, kichwa chake hakipiti. Ndoano inachagua. Inamleta wa katikati, wa kuliwa, na mama mkubwa anabaki chini akiendelea na shughuli zake bila hata kujua kwamba kulikuwa na mtu juu.

Mnaona uzuri wa jambo hili? Hakuna kumchezea, hakuna kumpoteza. Hakuna afisa, hakuna faini, hakuna picha. Heshima yote imewekwa ndani ya chombo chenyewe, mtu anapochonga usiku wa baridi, miezi kabla ya kwenda baharini. Nimefanya kazi na mashine za mamilioni ya dola kiwandani, na sijawahi kuona kitu chenye akili kama hicho.

Kuna jambo la haki lazima niliseme, maana msomi mmoja humu ataniinulia mkono. Tume ya Kimataifa ya Halibati wa Pasifiki, iliyoanzishwa na mkataba wa Marekani na Kanada wa mwaka 1923, imefuatilia samaki huyu kwa karne nzima. Hesabu zake hazionyeshi kwamba kumwokoa jike mkubwa mmoja mmoja kutabadilisha hali ya halibati wote, kwa sababu wakubwa sana ni wachache, na sehemu kubwa ya mayai hutoka kwa majike wengi wa wastani. Nakubali. Sijasema bahari itaokolewa na ndugu yetu mmoja wa mtaa wa Mountain View hapa mjini. Ninachosema ni kwamba kama una njaa, wa kilo kumi anatosha, na nyama yake ni laini zaidi. Yule mkubwa nyama yake ni ngumu, na kwa kuwa ameishi miaka mingi amekusanya zebaki zaidi mwilini. Idara ya afya ya Alaska inawashauri akina mama wenye umri wa kuzaa na watoto wadogo wapunguze kula halibati wakubwa. Tena ni hatari kumpandisha. Akiingia botini akiwa hai anaweza kuvunja mguu wa mtu. Ndiyo maana manahodha humchoma chusa au humpiga risasi kwanza. Sasa kama si kwa ajili ya sufuria, na si kwa ajili ya mama mjamzito, na si kwa usalama wa watoto waliomo botini, anapandishwa kwa ajili ya nini? Semeni wenyewe.

Nimekaa sana kwa wenye fimbo na wenye kadi. Wakati wao wanagombana juu ya samaki mmoja mmoja, kuna halibati wanatupwa baharini wakiwa wamekufa kwa mamia ya maelfu ya kilo, na hakuna aliyewala wala aliyecheza nao. Meli za nyavu za kukokota chini ya bahari ya Bering zinatafuta samaki wengine, kina gayogayo wa aina nyingine. Halibati wanaingia humohumo. Sheria inazikataza meli hizo kubaki nao, kwa hiyo wanarudishwa, na wengi wanarudishwa wakiwa mizoga. Kwa miaka mingi kiasi kilichoruhusiwa kupotea hivyo kilikuwa hakibadiliki, samaki wawe wengi au wachache. Wavuvi wadogo walipunguziwa, boti za watalii zilipunguziwa, ila ile ruhusa ya kupoteza ikabaki palepale hadi ilipopunguzwa mwaka 2016, na hata hapo haikufuata wingi wa halibati.

Watu wa Kisiwa cha St. Paul walikuwa katikati ya jambo hilo. Ni kisiwa kidogo cha Waunangan, katikati ya Bahari ya Bering. Babu zao walipelekwa huko na Warusi kwa nguvu, wawinde sili wa manyoya. Leo halibati ndiye riziki yao: wanamuuza kidogo, wanamla, wanagawana. Mgao wao ulipungua hadi wakahofia hawatapata hata wa kuvua, na huku nje ya kisiwa chao meli zinatupa samaki yuleyule. Wakaenda kwenye mikutano. Wakasimama kwenye kipaza sauti, mwaka baada ya mwaka, wazee na vijana wa shule, wakieleza. Mwezi Desemba 2021 Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki Kaskazini likapiga kura kwamba kwa kundi kubwa la meli hizo, ukomo wa halibati wanaopotea ufuate wingi wa halibati baharini: wakipungua, na ukomo upungue. Kanuni ikaanza kutumika mwaka 2024. Haikuwapa watu wa St. Paul yote waliyoomba. Lakini ilipatikana kwa kusema mbele ya watu.

Sasa mnaelewa kwa nini yale maneno ya Homer yaliniuma. Mwenye samaki wawili anamwonea wivu mwenye ndoano 30, mwenye kadi anamlaumu mwenye boti ya watalii, na yule anayetupa mizoga hatajwi na yeyote.

Basi safari yetu ijayo naomba iende hivi. Kila mtu awe na leseni yake. Ukiazima ya shemeji umetuaibisha sote. Tutumie zile ndoano zilizopinda duara, kwa sababu humshika samaki pembeni mwa mdomo, haimezwi tumboni, na mdogo tukimrudisha anapona. Tusiende kutia nanga kwenye yale mabonde ya kina ambako manahodha wanawatafuta wakubwa. Tuvue kwenye maji mafupi, kule wanakopatikana wale wadogo wanaoitwa "kuku", wa kilo tano hadi kumi. Na kabla ya chambo kushuka, boti nzima ikubaliane kwa sauti: akitokea anayezidi mita moja na nusu, hatumpigi chusa, hatumpandishi, hatumwekei kamera. Tunamsogeza ubavuni mwa boti, tunakata uzi karibu na ndoano, anakwenda. Hilo nalo ni kumsumbua, najua, na wazee wa Yup'ik wasingelifurahia. Ndiyo maana nasema kwanza tuvue mahali ambapo hayupo.

Na minofu igawanywe. Tuna wajane hapa, tuna familia zilizofika majira ya baridi ambazo hazijatimiza miezi 12 ya kuitwa wakazi. Kila deli la barafu litakalorudi Anchorage litoe fungu lao kabla halijafika nyumbani kwa mwenyewe.

La mwisho. Lile Baraza lililopiga kura ya mwaka 2021 ofisi zake ziko hapahapa Anchorage, na mikutano yake mingine hufanyika hapahapa. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kujiandikisha na kusema mbele yao kwa dakika chache. Sijawahi kumwona mtu wetu hata mmoja kwenye kile kipaza sauti, ingawa wengi wetu ndio tunaokata hao samaki viwandani. Mkutano ujao nitakwenda kuwaunga mkono watu wa St. Paul, na kuomba pia fungu la matumizi ya nyumbani lifikiriwe kwa halibati, dogo, lenye mpaka wake, baada ya wenye kadi kupata haki yao. Nahitaji watu wa kwenda nami. Asiyejua Kiingereza vizuri asiogope, tutaandika pamoja na mimi nitasimama kando yake.

Nani atakwenda? Nyoosheni mikono niwaone. Haya, mama wa mbele pale. Na wewe kaka, umesimama au umenyoosha? Vizuri. Mwenyekiti, naomba uandike majina, kisha tuanze maswali na yule msomi wangu, maana ameshika kalamu muda mrefu.